Fomu ya Kodi ya Ndugu Yangu

Ndugu yangu alileta hasara zake zikiwa zimepangwa vizuri kuliko mapato yake. Mapato yalikuwa kwenye simu, kurasa za benki alizozipiga picha ovyo ovyo, nyingine zimekatwa kichwa. Hasara zilikuwa karatasi halisi, zimefungwa kwa raba mwezi kwa mwezi, na juu ya kila fungu ameandika jumla kwa kalamu nyekundu. Ilikuwa Jumamosi ya Januari, saa sita mchana, nyumbani kwangu Barking, mashariki mwa London, na meza ya jikoni ilikuwa tayari imejaa karatasi za watu wengine.

Kila Januari nyumba yangu hugeuka ofisi. Kazi yangu ya kila siku ni kutayarisha mishahara ya wahudumu wa wazee katika kampuni moja, lakini watu wa kwetu walioko hapa wanajua kwamba naziweza fomu za kodi, zile ambazo mtu aliyejiajiri hapa hujaza mwenyewe na kuzituma kabla mwezi huo haujaisha. Wanakuja wasusi, madereva, akina mama wanaosafisha maofisi. Wananiletea maandazi, kuku, mara nyingine kitenge. Pesa sichukui, nachukua sifa, na sifa nilikuwa nazo tele: dada yule hadanganyi, dada yule fomu zake hazirudi.

Huyu ni mdogo wangu wa mwisho. Mama yetu alifariki kwetu Voi, Kenya, yeye akiwa darasa la pili, nikamlea mimi, na nilipopata maisha London nikamvuta. Alisoma kidogo, akabaki, akapata makaratasi ya kukaa. Anasambaza vifurushi Edmonton, kaskazini mwa jiji hilohilo, kwa gari la kukodi, amejiajiri mwenyewe kama wanavyosema, maana yake akiugua halipwi. Na mwaka ule aliugua. Mgongo ulimlaza wiki sita.

Wiki sita zile ndizo zilizomponza, kwa sababu alikuwa na mke Voi. Alimwoa miaka mitatu kabla ya hapo, na ni mimi niliyekwenda kumposa kwa niaba yake, kwani wazazi wetu wote wawili walikuwa wameshatangulia. Ili kumleta mke hapa sheria inataka mume aonyeshe kwamba kipato chake cha mwaka kimefikia kiwango fulani. Mtu wa kujiajiri anaonyesha kwa fomu ya kodi. Ukipungukiwa hata kidogo, mke anabaki alipo.

Ndugu yangu alikuwa amepungukiwa kiasi cha zile wiki sita. Lakini mwaka huohuo alikuwa ameshinda mkeka. Mkeka, kwa asiyejua, ni karatasi ya kubashiri mechi nyingi kwa mpigo. Mechi moja ikienda kombo mkeka mzima umechanika. Wake wa mechi nane ulisimama hadi dakika ya mwisho, akalipwa, pesa ikaingia benki, na ilikuwa inaziba lile pengo na kubaki. Ndiyo maana siku ile alikuja akitabasamu.

"Hizi ni losses, dada," akaniambia, akiyasukuma mafungu mbele yangu. "Zote ziko hapo. Sitaki kumwibia mtu."

"Za nini?"

"Si unatoa losses kwenye ile win, halafu kinachobaki ndiyo income."

Hapo nikaelewa yalikotoka. Binamu yetu anayeendesha malori Marekani alikuwa ametuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la familia, dakika saba nzima, akitueleza kwamba kule ukishinda kamari, hata kama ni ya kupitisha wakati tu, unaripoti kwa serikali kuu, kisha unaripoti tena kwa jimbo lako. Hasara unaweza kuzitoa kwenye ushindi, lakini yapo majimbo yasiyokubali, na bila karatasi huna chako. Wengine wote tulisikiliza dakika moja tukaendelea na shughuli zetu. Ndugu yangu alisikiliza mpaka mwisho, akaanza kutunza karatasi. Na Kenya nako alikuwa anajua kwamba kodi ya kamari hukatwa kabla pesa haijakufika mkononi. Kwa hiyo akajumlisha Marekani na Kenya, akapata Uingereza.

"Hapa hawatozi," nikamwambia.

"Hawatozi nini?"

"Ushindi. Mwenye duka la kamari ndiye anayelipa kodi. Wewe ukishinda ni zako. Ukishindwa pia ni zako."

"So nikishinda hawanioni?"

"Hawakuoni."

"Na zile nilizopoteza?"

"Ushinde, ushindwe, kwenye fomu hii wewe hukucheza."

Akachezea raba kidoleni. Kisha akasema kitu ambacho sijamsikia mtu mwingine akikisema katika miaka yote niliyojaza fomu hizi.

"Basi mimi nataka wanione. I want to pay, dada. Serikali gani inakataa kodi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akavuta kiti karibu, akaniomba kwa sauti ya chini, ingawa tulikuwa wawili tu jikoni. Niiandike ile pesa pamoja na za vifurushi. Mstari mmoja. Angeilipia kodi yote, kila senti, na hasara zake asingezidai. Kodi ikilipwa, kiwango kimefikiwa, na mkewe angekuwa hapa kabla ya Pasaka.

"Just one line, dada. Hakuna anayeumia."

Baba yetu alikuwa fundi wa reli, na alikuwa mcheza karata. Siku ya mshahara mama alikuwa akimngoja kwenye lango la karakana ili amwahi, na ipo miezi ambayo hakumwahi. Miezi hiyo naikumbuka kwa tumbo. Ndugu yangu haikumbuki, alikuwa mchanga. Nilipoziona zile jumla nyekundu, nzuri, zimepigiwa mstari chini kama za mwanafunzi hodari, damu ilinipanda.

"Mwanamke wa watu unataka kumleta kwa mkeka?" nikamwuliza.

"Mkeka si ulishinda?"

"Ulishinda huo. Na hii yote hapa ni nini? Kila siku nakwambia uache kamari, naongea na ukuta?"

"Dada, leo usinigombeze. Leo nisaidie tu."

"Mimi siandiki uongo. Kwenye meza hii sijawahi kuandika uongo na sitauanza kwako."

Hakubishana. Tangu utotoni hajui kubishana nami. Akasema, "Sawa, dada," akayakusanya mafungu yake akayatia mfukoni mwa koti, akala chapati mbili nilizompa, akanishukuru kwa chapati. Mbele yake nikaandika kipato chake cha kweli, nikaituma fomu. Usiku ule nililala usingizi mzuri sana.

Sasa niseme ambalo sikulisema siku ile. Kwamba kwenye meza ile haukuwahi kuandikwa uongo, huo wenyewe ulikuwa uongo. Jumatano ya wiki hiyohiyo, siku tatu kabla, alikuja mama mmoja wa kanisani kwetu, anayehudumia wazee nyumba kwa nyumba kwa gari lake. Mwenye kazi kama hiyo anaruhusiwa kutoa gharama za maili alizoendesha, lakini yeye maili zake hakuziandika popote. Akalia kidogo, akasema mwaka huu kodi itamla mzima. Nikamkisia maili, na nilivyokuwa nakisia kisio likanenepa. Nilimhurumia. Sikuona kama nimefanya kosa, niliona nimemfanyia hisani mtu mwenye shida. Nyani haoni kundule.

Kwa nini yeye nimwandikie na ndugu yangu nimkatalie? Nimejiuliza sana, na jibu si zuri. Yule mama hakufanana na baba yangu. Ndugu yangu nilikuwa namwadhibu, na adhabu nikaivika jina la uaminifu. Wahenga walisema hasira hasara. Hawakusema kwamba hasara hiyo mara nyingi humwangukia mtu mwingine.

Mwaka uliofuata ndugu yangu alifanya kazi hadi Jumapili. Kanisani hatukumwona. Kamari aliacha kabisa, na hilo nikalihesabu kuwa ushindi wangu, nikawasimulia watu. Tulikuwa tukiongea na wifi yangu kwa video, sote watatu, na siku moja alituonyesha koti zito alilolinunua kwa mitumba, akalivaa palepale Voi kwenye joto lile, akazunguka mbele ya simu huku jasho linamtoka. "Wifi, hili litanitosha huko?" akaniuliza. Nikamwambia litatosha, ila avae na soksi mbili. Tulicheka mpaka ndugu yangu akaegemeza uso ukutani.

Aprili mwaka wa kodi ukaisha, na safari hii alikuwa amefikisha kiwango na kukipita. Akaanza kukusanya karatasi zake. Siku chache tu baadaye, kabla hajazikamilisha, serikali ikapandisha kiwango chenyewe, na haikukipandisha kidogo. Alinipigia akiwa kwenye gari, nasikia mvua juu ya paa lake.

"Dada, wamepandisha."

"Nimesikia kwenye habari."

"Ni nyingi, dada. Hata nisipolala sizipati."

"Mungu atafanya njia," nikamwambia, kwa sababu sikuwa na jingine. Hakuutaja ule mstari mmoja. Mimi niliufikiria pale pale, nikiwa na simu sikioni. Ningeuandika Januari ile, angekuwa ameomba mwaka mzima kabla ya sheria kubadilika.

Kisha ukaja ubatizo wa mtoto wa mmoja wetu, tukala kwenye ukumbi wa kanisa, na ndugu yangu, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, akaja. Nilifurahi kumwona na sahani ya pilau mkononi. Yule mama wa maili alikuwa amekaa meza yetu, ameshiba, amechangamka, na akaamua kunisifu mbele za watu.

"Huyu dada yenu mnamwona hivi, ni kiboko! Mwaka jana aliniwekea maili, you would think nilikuwa naenda Scotland kila Jumatatu na kurudi!"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, kwa sauti kubwa kuliko wote. Nilipogeuka ndugu yangu alikuwa ananitazama. Laiti angekasirika. Alinitazama kama mtu anayetafuta namba ya nyumba kwenye barabara asiyoijua, kisha akaweka sahani chini, akaenda kuwasaidia wanaume kupanga viti. Nilimfuata nikitaka kusema neno, nikafika karibu yake, nikamwuliza kama amechukua soda. Akasema ameshachukua. Januari iliyofuata hakuja kwangu. Fomu yake aliijaza mwenyewe kwa simu.

Aibu ile nilitembea nayo miezi. Nikiwa kazini, nikiwa kwenye treni, ilikuwa inanipanda kama kiungulia. Nilitaka kumkiri mtu, na niliyemkosea nilimwogopa. Basi Jumapili moja alasiri, nimetoka kanisani, wifi yangu akapiga simu. Si ya video, ya sauti tu.

"Wifi, hujambo?"

"Sijambo, wifi. Habari za huko?"

"Nzuri, twashukuru. Wifi, nina swali dogo, usinichukulie vibaya."

"Uliza tu, mama."

"Mume wangu aliniambia ule mwaka wa kwanza ulijaribu kuziandika zile pesa alizoshinda, na kompyuta ya serikali ikazikataa. Sasa kuna mtu hapa, shemeji yake yuko huko Uingereza, anasema kompyuta haijui pesa imetoka wapi, inaandika utakachoiandikia. Mimi nimekuwa nikisema huyo mtu ni mwongo. Nikaona nikuulize wewe. Ni kweli ilikataa?"

Neno moja lingetosha. Ilikataa, wifi. Lakini mimi nilisikia kengele ya kuungama. Sikujiuliza kwa nini ndugu yangu alimwambia hivyo. Nilidhani hakuelewa, au alimrahisishia mambo. Nikaona hapa ndipo pa kuwa mkweli, walau mara moja, walau kwa kuchelewa.

"Haikukataa," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyekataa."

Nikamweleza yote. Kwamba ungekuwa uongo. Kwamba hata ningeandika, karatasi za benki zingeonyesha jina la duka la kamari, na pengine wangemnyima kabisa na kumtia alama mbaya. Hayo yalikuwa kweli. Nikamweleza pia habari ya baba, na hasira yangu, na hata maili za yule mama. Alinisikiliza bila kunikatiza.

"Asante kwa kuniambia ukweli, wifi," akasema mwishoni. Sauti yake haikubadilika.

Nilipokata simu nilijisikia mwepesi. Nakumbuka nilipika siku ile, samaki wa nazi, na binti yangu akaniuliza kwa Kiingereza chake kuna sherehe gani. Nikamwambia hakuna, nina furaha tu. Najionea haya kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Wiki mbili baadaye aliyepiga simu alikuwa baba mdogo wa wifi yangu, mzee aliyetupokea siku ya posa. Kwetu aliyepeleka neno la kuomba ndiye anayerudishiwa neno la kuvunja. Mume haambiwi na wakwe moja kwa moja, wanaona ni kumvunjia heshima. Anaambiwa na wa kwao. Kwa hiyo nilipoisikia sauti ya mzee nilijua kabla hajamaliza kunijulia hali.

"Mwanangu, ulikuja kwetu na shangazi zako wawili, mkatuomba mtoto, tukawapa kwa moyo mweupe."

"Ndiyo, baba."

"Tumekaa naye, tumemsihi. Anasema kungoja serikali alikuwa tayari, serikali haimjui. Lakini kama dada wa mume mwenyewe ndiye aliyemfungia mlango, hata akifika huko ataishi na nani? Anasema hatakiwi na watu wa mumewe. Mimi nimemwambia si hivyo. Ni hivyo?"

"Si hivyo, baba. Wallahi, nampenda kama mdogo wangu."

"Nami nimemwambia. Lakini ameshakata shauri. Mwambie ndugu yako. Mahari tutaizungumza siku nyingine, hatuna haraka."

Mimi ni Mkristo wa tangu kuzaliwa, na siku hiyo niliapa kama jirani zetu wa utotoni. Nilimpigia wifi yangu mara nyingi, hakupokea. Aliniandikia mara moja tu: hana kinyongo nami, nimtunze mume wake. Aliandika hivyo hivyo, mume wangu.

Niliomba ruhusa kazini, nikaenda Edmonton siku ya Jumanne. Sikutaka kumwambia kwa simu. Alikuwa ameegesha gari kwenye barabara ya nyumba zilizoshikana, anakula wali baridi kutoka kwenye bakuli la plastiki, miguu juu ya kifurushi. Aliponiona akafungua mlango wa pili akahamisha maboksi nikae.

"Kuna nini, dada? Nani amefariki?"

"Hakuna aliyefariki."

Nikamwambia. Nililisema neno kama nilivyopewa, bila kuongeza, kwa sababu nilishaongeza ya kutosha maishani mwake. Alifunika bakuli, akabonyeza kifuniko pembe zote nne mpaka kikashika. Mama mmoja akapita na kigari cha mtoto, akatuangalia.

"Alikuuliza kitu?" akasema.

"Aliniuliza kama ni kweli kompyuta ilikataa."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia ukweli. Kwamba ni mimi."

Akafumba macho. "Why, dada?"

"Aliniuliza."

"Mimi nilimwambia kompyuta kwa ajili yako," akasema, polepole, kama anayemweleza mtoto. "Angefika hapa mimi niko barabarani kutwa, angekaa na nani? Si wewe? Sikutaka aje na neno lako moyoni. Nikamwambia dada alijaribu. Nikamwambia dada alijaribu sana, mpaka kompyuta ikazima. Miaka yote hii alikuwa anakuombea."

Nikaanza kulia. Nilimwomba msamaha, nikamwomba tena, nikashika mkono wa koti lake kama vile yeye ndiye mkubwa. Nilimwambia sikujua. Nikamtajia zile maili, kwamba nazo anisamehe, na ile Januari.

"Ile ya Januari nilishakusamehe siku ileile, dada," akasema.

Nikangoja aendelee. Simu yake iliyobandikwa mbele ya usukani ikalia, ikionyesha anwani inayofuata. Akaitazama, akajifuta uso kwa kiganja, akawasha gari.

"Shuka sasa. Bado nina parcels thelathini na mbili, na wenyewe wananingoja."

Nikashuka. Aliwasha taa ya kugeukia, akangoja basi lipite, akaondoka.